Mkanamungu au mwagnostiki: jina lipi linakufaa?

Mwaka 1918 mwanafalsafa Bertrand Russell alihukumiwa kifungo cha miezi sita katika gereza la Brixton, London, kwa sababu ya makala aliyoiandika wakati wa vita. Alipofika langoni, askari magereza aliyekuwa akijaza taarifa zake alimwuliza dini yake, naye akajibu kuwa ni mwagnostiki, yaani mtu asiyedai kujua kama Mungu yupo au hayupo. Askari akataka kujua neno hilo linaandikwaje, akaliandika, kisha akashusha pumzi na kusema kwamba dini ni nyingi, ila bila shaka wote wanamwabudu Mungu yule yule. Russell alikuja kusimulia kwamba maneno hayo yalimchangamsha kwa muda wa wiki moja hivi.

Kosa la yule askari linachekesha, lakini halishangazi. Kuna wanaodhani uagnostiki ni dhehebu, kuna wanaouona kuwa ni ukanamungu uliotiwa adabu, na walio wengi huuchukulia kama kituo cha njiani, ambapo abiria aliyeshuka kwenye imani hungoja gari la kumpeleka mbele au la kumrudisha alikotoka. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hasali, au anasali kwa mazoea tu, na ambaye akiulizwa msimamo wake hana hakika ajiite nani. Hayakusudii kumtoa mtu katika dini wala kumrudisha. Yanakusudia kutenganisha majina mawili ambayo hayafanyi kazi moja.

Maswali mawili, si moja

Njia fupi ya kuyatenganisha ni kutazama kila jina linajibu swali gani. Ukanamungu unajibu swali la imani: je, unaamini kwamba Mungu yupo? Uagnostiki, kwa maana yake ya asili, unajibu swali la ujuzi: je, unajua, au kuna yeyote awezaye kujua, kama yupo au hayupo? Kuamini na kujua haviendi pamoja kila mara. Mtu ambaye ndugu yake alipotea miaka mingi iliyopita anaweza kuendelea kuamini kwamba yu hai bila kujua, na siku moja anaweza kuacha kuamini hivyo ingawa hakuna aliyemletea habari ya msiba.

Aliyelibuni jina la pili ni Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza aliyejulikana kwa kumtetea Charles Darwin. Mwaka 1869, katika chama cha mijadala ya falsafa jijini London, alijikuta miongoni mwa watu ambao kila mmoja alikuwa na jina la msimamo wake, naye peke yake hakuwa nalo. Akajitungia lake kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ujuzi, akalitanguliza na kiambishi cha kukanusha. Ndani yake mlikuwa na kejeli kidogo kwa Wagnosti wa historia ya Kanisa, waliodai kujua mengi mno juu ya mambo yale yale ambayo yeye alijiona hayajui. Miaka 20 baadaye, mwaka 1889, alieleza kwamba uagnostiki si itikadi bali ni kanuni ya kufikiri: fuata hoja mpaka pale inapoweza kukufikisha, wala usijifanye una hakika na jambo ambalo halijathibitishwa au haliwezi kuthibitishwa. Kwa maelezo hayo, mwagnostiki wa Huxley si mtu wa kusitasita hata kidogo. Ana kanuni, tena kali, inayombana anayedai kwamba Mungu yupo na anayedai kwamba hayupo kwa kipimo kimoja.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Karne ya tano kabla ya Kristo, Mgiriki Protagoras alisema kwamba kuhusu miungu hawezi kujua kama ipo au haipo, kwa kuwa jambo lenyewe ni la giza na maisha ya mwanadamu ni mafupi.

Kwa kuwa maswali ni mawili, majibu yake huchanganyika. Yupo asiyeamini na ambaye pia hadai kujua, na huyo anastahili majina yote mawili kwa pamoja. Yupo vilevile anayeamini na kukiri kwamba imani yake si ujuzi. Huyo ni muumini, lakini katika swali la pili anasimama na Huxley. Hata katika usemi wa kila siku, waumini hufunga jambo lisilojulikana kwa kusema "Wallahu aalam" au "Mungu ndiye ajuaye", na mara nyingi maana yake ni kwamba mimi na wewe hatujui. Kuna unyenyekevu wa kiagnostiki katika maneno hayo, ingawa asemaye hana shaka yoyote kwamba yuko ajuaye.

Ndani ya uagnostiki wenyewe pia kuna tofauti, na Kiswahili kinaionyesha vizuri. Anayesema "sijajua" ameacha mlango wazi: huenda kesho ikapatikana hoja au dalili itakayomtosha. Anayesema "haiwezekani kujua" ameufunga: kwake akili ya binadamu haina chombo cha kulifikia jambo hilo, na hakuna ushahidi utakaobadilisha hali. Wa pili ametoa dai kubwa zaidi kuliko anavyoonekana kutoa, kwa sababu anadai kujua mipaka ya kila mtu, si yake peke yake. Anayetaka kujiita mwagnostiki na ajiulize kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

Uzito wa neno "kukana"

Kwa upande wa ukanamungu, lugha yetu inatutegea mtego. Neno la Kigiriki lililozaa jina hilo katika lugha za Ulaya lina maana ya "asiye na mungu", na lilitumika kwa upana ambao leo unashangaza. Wakristo wa kwanza waliitwa hivyo na Warumi kwa sababu walikataa kuiabudu miungu ya dola, na Yustino Mfiadini, katika karne ya pili, alikubali kwamba kwa habari ya miungu ya namna hiyo shutuma ilikuwa ya kweli. Neno lilikuwa linasema kwamba kitu fulani hakipo kwa mtu, basi. Kiswahili kimekwenda mbali zaidi. Mtu hukana deni, hukana kosa mbele ya hakimu, hukana mtoto. Petro alimkana Yesu kabla jogoo hajawika. Katika mifano yote hiyo kinachokanwa kipo, au angalau msikilizaji anashuku kwamba kipo, na mwenye kukana anajua zaidi ya anavyosema. Ndiyo maana mtu akijitambulisha kuwa mkanamungu, masikioni mwa wengi husikika kama aliyemjua Mungu kisha akamgeuzia mgongo, ilhali mwenyewe anataka kusema kwamba haoni kuwa kuna wa kukanwa. Neno ndilo tulilo nalo, nami nalitumia, lakini anayelichagua na alichague akijua mzigo huo.

Yapo matamko mawili yanayofichwa chini ya jina hilo moja. La kwanza ni "siamini kwamba Mungu yupo", na la pili ni "naamini kwamba Mungu hayupo". Katika mazungumzo ya haraka husikika kama kitu kimoja, lakini la kwanza linaeleza tu kwamba imani fulani haimo ndani ya msemaji, na la pili linatoa dai juu ya ulimwengu, dai ambalo mwenye nalo anaweza kuombwa alitetee. Charles Bradlaugh, mkanamungu maarufu aliyechaguliwa bungeni Uingereza mwaka 1880 na kuzuiwa kushika kiti chake mpaka 1886 kwa sababu ya mgogoro juu ya kiapo cha kidini, alishikilia tamko la kwanza: hakusema kwamba hakuna Mungu, bali kwamba hajui mnamaanisha nini mnapolitaja jina hilo. Katika miaka ya 1970 mwanafalsafa Antony Flew aliitetea maana hiyo pana kwa makusudi, ili jukumu la kuthibitisha libaki kwa anayesema kwamba Mungu yupo. Wanafalsafa wengi hata hivyo bado hulitumia jina kwa maana ya pili.

Mimi naegemea kwa wanafalsafa hao, kwa sababu moja tu. Ikiwa kutokuwa na imani kunatosha, basi mtoto mchanga naye ni mkanamungu, na kwa kweli Baron d'Holbach, mwandishi wa karne ya 18 aliyeutetea ukanamungu waziwazi huko Ufaransa, hakusita kuandika kwamba watoto wote ni wakanamungu. Jina linalomweka mtoto wa siku tatu kundi moja na mtu aliyesoma hoja zote akazikataa ni pana kupita kiasi cha kumsaidia mtu kuchagua.

Mlango uliofungwa

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi mtu akiwaza nyumba. Watu watatu wanafika kwenye mlango uliofungwa, wanabisha hodi mara tatu, hakuna anayeitika. Wa kwanza anainama na kuchunguza: kizingiti kina vumbi lisilo na alama ya unyayo, komeo limeshika kutu, buibui ametanda utando wake kutoka kitasa hadi fremu. Anainuka na kusema, "Hamna mtu." Hajaingia ndani, wala hadai kwamba amekagua kila chumba, anachosema ni kwamba kungekuwa na mtu, vumbi lisingekaa hivi. Wa pili ameona vumbi lile lile na utando ule ule, lakini anasema, "Siwezi kusema." Hamjui anayeishi humo, hajui kama anatumia mlango mwingine, hajui hata kama ni mtu wa kuitikia hodi. Wa tatu hachunguzi wala habishani. Amebisha, hakujibiwa, anaondoka zake, na ukimwuliza anakwambia kwamba hajaona sababu ya kuamini kuwa kuna mtu, ingawa hawezi kukuapia.

Wa kwanza ni mkanamungu kwa maana kamili, wa pili ni mwagnostiki, na wa tatu, ukiichukua maana pana ya ukanamungu, ni yule anayestahili majina mawili. Watu wa aina ya tatu nadhani ndio wengi kuliko wanavyojitambua, na ndio hasa wanaohangaika na swali la makala haya. Yuko pia ambaye hakusimama mlangoni kabisa kwa sababu nyumba ile haimhusu. Huyo hahitaji jina lolote kati ya haya, na akilazimishwa kuchagua atakuwa anadanganya.

Ugomvi kati ya wa kwanza na wa pili ni ugomvi juu ya vumbi: je, kukosekana kwa dalili ni dalili? Mkanamungu hujibu kwamba inategemea unamtafuta nani. Mwaka 1993 mwanafalsafa J. L. Schellenberg alitoa hoja kwamba Mungu mwenye upendo kamili asingewaacha watu wanaomtafuta kwa moyo mweupe bila kujibiwa. Kwa hiyo ukimya wenyewe ni ushahidi, na si pengo la ushahidi. Hoja ya mateso, iliyo ya kale zaidi, inakwenda njia hiyo hiyo: ulimwengu wenye uchungu wa kiasi hiki haufanani na kazi ya mwenye uwezo wote na wema wote. Mwagnostiki anaweza kuukubali uzito wa hoja hizi na bado akasema kwamba hatuko mahali pa kujua sababu za aliye mkuu kuliko sisi, kama yupo, na kwamba kutoiona sababu si sawa na sababu kutokuwepo.

Mwagnostiki naye ana mkosoaji wake mkubwa, mwanafalsafa wa Marekani William James, ambaye mwaka 1896 alisema kwamba katika mambo fulani kutochagua ni kuchagua: anayekataa kuamini mpaka apate uthibitisho anapoteza faida ya ukweli, kama upo, sawasawa na aliyeukataa. Alikuwa anamjibu Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa, aliyeandika mwaka 1877 kwamba ni kosa, siku zote na kwa kila mtu, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Kwa maoni yangu ukosoaji wa James unampata yule anayekataa kuchagua upande kwa sababu tu katikati pana upepo mzuri. Haumpati Huxley, kwa sababu Huxley alikuwa amechagua, ila alichochagua ni namna ya kufikiri.

Mungu yupi, na nani anauliza

Watu wengi hujaribu kuchagua jina moja kwa ajili ya kila mungu anayeweza kutajwa, na hapo ndipo wanapokwama. Mwaka 1947 Russell alieleza kwamba akizungumza na wanafalsafa atajiita mwagnostiki, kwa kuwa hana hoja ya kukata kabisa inayothibitisha kwamba Mungu hayupo. Lakini akizungumza na mtu wa kawaida atajiita mkanamungu, kwa sababu hawezi pia kuthibitisha kwamba Zeus, Hera na Poseidon, miungu ya Wagiriki wa kale, hawapo, na bado hakuna anayejiita mwagnostiki kuhusu hao. Huo si unafiki. Neno linabeba maana tofauti kwa wasikilizaji tofauti, na mwenye busara huchagua lile litakaloacha picha ya kweli kichwani mwa anayesikia.

Kutoka hapo linapatikana jambo lenye msaada mkubwa: mtu anaweza kuwa mkanamungu kwa mungu mmoja na mwagnostiki kwa mwingine bila kujipinga. Anaweza kusema kwa uthabiti kwamba mungu anayerusha radi kwa hasira hayupo, na papo hapo akakiri kwamba hajui kama kuna chanzo cha ulimwengu chenye akili, kisichoingilia mambo ya watu wala kudai ibada. Kadiri maelezo ya mungu yanavyokuwa mahususi, ndivyo inavyokuwa rahisi kuyapima na kuyakataa. Kadiri yanavyokuwa mepesi, ndivyo "sijui" inavyokuwa jibu la haki.

Sheria nazo zimewahi kuwapanga watu hawa kwa namna isiyotarajiwa. Katiba ya jimbo la North Carolina, Marekani, ina kifungu kinachomzuia kushika madaraka mtu anayekana kuwepo kwa Mungu Mwenyezi. Kwa kufuata maneno yenyewe, mwagnostiki anapita, kwani hajakana. Maryland ilikuwa na sharti la namna nyingine: anayetaka ofisi ya umma atangaze kwamba anaamini Mungu yupo. Hapo mwagnostiki anaanguka pamoja na mkanamungu, kwa kuwa hawezi kutangaza. Mwaka 1961, katika shauri la Roy Torcaso, aliyenyimwa kazi ya uthibitishaji wa hati kwa kukataa kutoa tamko hilo, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba sharti kama hilo linavunja katiba ya nchi, na kifungu cha North Carolina hakina nguvu tena ingawa bado kimeandikwa. Nchi nyingine bado hazijafika huko: kanuni zilizotolewa Saudi Arabia mwaka 2014 ziliuhesabu wito wa fikra za ukanamungu kuwa ni ugaidi, na penye sheria ya namna hiyo uchaguzi wa jina si mchezo wa falsafa.

Adabu na ukali

Septemba 1881 Edward Aveling, mkanamungu asiyeficha, alialikwa chakula nyumbani kwa Darwin pamoja na Ludwig Büchner wa Ujerumani. Darwin, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameandika katika barua kwamba hajawahi kuwa mkanamungu kwa maana ya kukana kuwepo kwa Mungu, na kwamba mwagnostiki ndilo jina linalomfaa zaidi, aliwauliza kwa nini wanajiita wakanamungu. Aveling alijibu kwamba mwagnostiki ni mkanamungu aliyevaa heshima, na mkanamungu ni mwagnostiki aliyevaa ukali. Darwin akauliza: kwa nini basi muwe wakali hivyo?

Jibu la Aveling ni la haki nusu tu. Ni kweli kwamba jina la mwagnostiki limewasitiri wengi ambao mioyoni hawana shaka yoyote, na mtu anayelitumia ili asigombane na wakwe zake asijidai ana kanuni ya Huxley. Lakini wapo ambao "sijui" yao ni ya kweli kabisa, na kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ni mwoga ni kumwambia kwamba unaijua akili yake kuliko yeye. Wala majina hayabebwi kwa usahihi huko nje. Katika utafiti wa shirika la Pew uliofanyika Marekani mwaka 2023 na 2024, asilimia 5 ya watu wazima walijiita wakanamungu na asilimia 6 waagnostiki, ilhali asilimia 19 walisema tu kwamba hawana dini yoyote mahususi.

Kama bado hujaamua, anza na swali la imani, maana ndilo lililo karibu nawe. Usijiulize kama unaweza kuthibitisha; jiulize kama unaishi ukitarajia kwamba kuna anayeona. Jibu likiwa "ndiyo", hata kwa kunong'ona, wewe ni muumini mwenye shaka, na jina hilo lina heshima yake. Likiwa "hapana", uliza kama ungekuwa tayari kulitetea dai kwamba hakuna Mungu, na Mungu yupi hasa. Ukiwa tayari, jiite mkanamungu bila kuomba radhi. Ukiona huna la kutetea zaidi ya kwamba hujashawishika, sema hivyo hivyo kwa maneno kamili kabla ya kutaja jina, kwa sababu sentensi moja iliyonyooka itakuepusha na saa nzima ya kubishana juu ya istilahi.

Kipimo cha mwisho ninachokipenda kinatoka kwa Anthony Kenny, mwanafalsafa wa Uingereza aliyewahi kuwa padre wa Kikatoliki na baadaye akawa mwagnostiki. Alisema kwamba mwagnostiki anaweza kusali bila kujipinga, kama vile mtu anayeelea peke yake baharini, au aliyenaswa pangoni, anavyoweza kupiga kelele za kuomba msaada ingawa huenda hakuna anayesikia. Mkanamungu hana nafasi ya sala hiyo. Kwake kuipiga ni kusema na maji. Jiweke humo majini, usiku, pasipo mtu wa kukuona, uangalie kama ungefungua kinywa, na kama ungefungua, ungekuwa unamwita nani.